Fistula ya mkono ikizima: jinsi ya kuishi na mkono uliobadilika

Kama umeamka leo, ukagusa mkono wako wa fistula, yaani ule uliounganishwa mishipa ili mashine isafishe damu badala ya figo, na hukusikia ule mtetemo wake, usiendelee kusoma. Piga simu kituo unakosafishia damu sasa hivi, hata kama siku yako ya mashine ni keshokutwa. Donge la damu likiwa bado bichi, daktari wa mishipa anaweza kulitoa na kupanua pale palipobana, na nafasi ya kufaulu ni kubwa zaidi ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Usiukande mkono, usiuchue kwa mafuta, usiupigepige ili uamke. Ukishapata maelekezo yao, rudi hapa.

Haya nayaandika kwa ajili ya aliyekwisha kuvuka hatua hiyo. Fistula imejaribiwa kufunguliwa ikashindikana, au daktari ameifunga kwa makusudi kwa sababu ilikuwa inaleta madhara, au umepandikizwa figo na fistula ikazima yenyewe. Umebaki na mkono wenye vifundo na vidole vyenye ganzi, na kama bado unasafishwa damu, pale kituoni mazungumzo yote yamehamia kwenye mpira wa shingoni, ule unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa ili mashine ipate damu. Mkono wenyewe hakuna anayeuzungumzia.

Mimi nauzungumzia kwa sababu ndio unaonilisha. Ni fundi cherehani, nashonea Tandika, Dar es Salaam, na fistula yangu ilikuwa mkono wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa kwenda kwenye sindano. Ilinihudumia miaka kadhaa, kisha ikaziba. Ninayoyasema nimeyapata kwa kuuliza: madaktari, masista wa mashine, mtaalamu wa fiziotherapia, na wenzangu wa vitanda vya jirani ambao mikono yao imepitia mengi kuliko wangu. Daktari wako anaujua mkono wako kuliko mimi. Akisema tofauti na hapa, mfuate yeye.

Uliza kwanza kama damu bado inapita

Fistula ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, iliyounganishwa na vena, mshipa unaoirudisha. Njia hii ilichapishwa mwaka 1966 na madaktari wa New York, Brescia na Cimino na wenzao, na mpaka leo ndiyo inayopendelewa, kwa kuwa hudumu na haipati maambukizi kirahisi kama mpira. Vena iliumbwa kubeba damu ya taratibu. Ikipokea damu ya ateri yenye msukumo, hutanuka na ukuta wake hunenepa, ndiyo maana zile sindano nene za mashine zinaingia. Mtiririko ukikoma, vena hairudi ilivyokuwa. Inabaki imetanuka na kujaa donge, na pale palipochomwa miaka yote panabaki na uvimbe.

Lakini watu wanaosema "fistula yangu imekufa" hawako kwenye hali moja. Kuna aliyeziba kabisa. Kuna aliyeziba sehemu tu, damu ikatafuta njia ya pembeni. Na kuna ambaye kituo kimeacha kuitumia kwa sababu haitoi damu ya kutosha, ila ndani bado inapita. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama mkono wako unaweza kutoka damu nyingi ukijigonga au la, kwa hiyo usitoke kliniki bila kuuliza: "Dokta, bado kuna damu inayopita humu? Na ngozi juu ya hivi vifundo iko salama?" Altrasaundi inajibu swali hilo kwa muda mfupi.

Nyumbani unaweza kugusa pia. Mtetemo ni ule mvumo usiokatika unaousikia kwenye ncha za vidole. Mdundo ni kugonga kwa kukatika, sawa na mapigo ya moyo. Fistula inayodunda bila kutetema maana yake damu inaingia lakini inagonga mahali palipoziba. Isiyodunda wala kutetema, na ikiwa ngumu, huenda imeziba yote. Mimi bado naugusa kila asubuhi, kwa kuwa hapo kwenye mshono wa upasuaji karibu na kifundo cha mkono ateri inadunda, na nikikuta kitu kipya nataka nikijue siku hiyohiyo.

Siku za mwanzo: mshipa mgumu unaouma

Fistula ikiziba, vena yote iliyojaa donge inaweza kuwa ngumu kama kamba ya katani chini ya ngozi, ikauma ukiinyoosha, ikawa na joto na wekundu kidogo. Kwa wengi maumivu hupungua taratibu siku baada ya siku, ila ugumu wenyewe hukaa muda mrefu na kwa wengine hauondoki.

Kinachosaidia ni kitambaa cha uvuguvugu. Chovya taulo ndogo kwenye maji ya vuguvugu, kamua, funika mshipa dakika kumi hivi, rudia mara chache kwa siku. Pima joto la maji kwa mkono mwingine, kwa sababu mkono wa fistula unaweza kuwa na ganzi na ukaungua bila wewe kujua. Ukilala, weka mkono juu ya mto, usiulalie. Kwa maumivu, parasetamo kwa kipimo ulichopewa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo dukani tunauziwa kama karanga kila mtu akilalamika mkono, usinywe mpaka daktari wa figo akubali: zinaweza kuharibu figo kidogo iliyobaki na zinachokonoa tumbo la mtu ambaye kila akiwekwa kwenye mashine anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, maana ndipo ndugu zetu wanapotupenda mpaka watuumize. Shangazi atakuja na mafuta ya kuchua. Jirani atamjua mtu anayepiga chuku, mwingine atasema uchanjwe chale damu mbaya itoke. Kataa yote, kwa upole, lakini kataa. Kuchua kwa nguvu mshipa wenye donge bichi kunaweza kulisogeza. Chuku na chale zinafungua ngozi juu ya donge la damu, na donge la damu ni chakula cha vijidudu. Kama shangazi anataka kusaidia, mpe kazi ya kuchemsha maji ya taulo.

Uende hospitali bila kungoja siku ya mashine kama unapata homa au kutetemeka baridi, wekundu unatambaa, usaha unatoka, au maumivu yanazidi badala ya kupungua. Ukibanwa kifua ghafla au pumzi ikakata, hiyo ni dharura. Mwenye bomba bandia ndani ya mkono, lile linalounganisha ateri na vena badala ya fistula, awe mwangalifu zaidi: bomba lililokwisha kufa linaweza kuficha maambukizi bila wekundu wala uvimbe, kwa hiyo homa isiyoeleweka akaitaje kila mara, "Nina bomba la zamani mkononi."

Vifundo

Vifundo vyangu ni viwili, mahali pa sindano mbili. Vilikuwa laini na vya moto. Sasa ni vigumu na vimesinyaa kidogo, ngozi yake imekunjika. Kifundo kilichojaa donge gumu na chenye ngozi nzima hakina haja ya kuguswa na kisu. Kinachotakiwa kukushtua ni ngozi iliyokuwa nene ikaanza kung'aa na kuwa nyembamba, gamba jeusi lisilopona, kidonda, au kifundo kilichokuwa kimetulia kikaanza kukua. Hapo mwone daktari siku hiyohiyo, hasa kama altrasaundi ilionyesha damu bado inapita.

Damu ikitoka, weka kidole kimoja au viwili palepale inapotokea na ukandamize kwa nguvu, inua mkono juu, piga kelele upate mtu. Wengi hurundika taulo na kanga juu ya jeraha. Kanga inanyonya damu na mgandamizo haufiki. Usifunge kamba juu ya mkono. Usiachie kuchungulia kila dakika. Wafundishe watu wa nyumbani wakiwa wametulia, watoto wakubwa pia, siku isiyo na tatizo lolote.

Ngozi yenyewe ioshe kwa maji na sabuni kila siku, ikaushe, ipake mafuta ya kawaida. Wagonjwa wa figo tunawashwa sana, na kucha juu ya kifundo chenye ngozi nyembamba ni hatari, basi kata kucha fupi. Muwasho ukizidi mweleze daktari, kuna dawa, na mara nyingi unahusiana na fosforasi au na usafishaji usiotosha.

Kama vifundo vinakuchukiza tu, bila kuuma wala kutishia kutoka damu, hilo nalo ni jambo la kumwambia daktari wa upasuaji. Wakati mwingine vinaweza kuondolewa. Atakueleza kovu litakuwa wapi, na kama kuondoa huko kutaharibu nafasi ya fistula nyingine kwenye mkono huohuo. Mimi nimeamua kuviacha kwa sababu hiyo ya pili.

Mkono ukivimba

Vua pete, bangili na saa mapema, kabla hazijakwama. Mkono mzima ukivimba, angalia pia bega na kifua: ukiona mishipa imejitokeza kifuani upande huo, au uso umevimba ukiamka, huenda mshipa mkubwa ulio ndani ya kifua umebana. Hii huwapata sana waliowahi kuwekewa mpira shingoni au chini ya mfupa wa mtulinga, na inaweza kuwa ndiyo sababu yenyewe iliyoua fistula. Mwambie daktari umewahi kuwekewa mipira mingapi na upande gani, maana faili huwa halisemi, na kama ulianzia hospitali nyingine ndiyo kabisa. Kuinua mkono juu ya mito miwili usiku kunapunguza uvimbe, ila hakufungui mshipa. Uvimbe wa ghafla wenye maumivu na rangi ya buluu usiulalie nyumbani.

Vidole, ganzi na nguvu ya kushika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkono usioshika ni mkono usiokula.

Fistula ikiwa hai, hupitisha kwenye vena damu ambayo ingeenda kiganjani. Wengine hupata vidole vya baridi, rangi iliyopauka na maumivu, hasa wakiwa kwenye mashine. Fistula ya namna hiyo ikizima, kiganja mara nyingi hupata joto tena. Lakini mishipa ya fahamu iliyokosa damu kwa muda mrefu hupona polepole, na baadhi haiponi yote. Kwa hiyo usishangae kama ubaridi umeondoka na ganzi imebaki.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku mpaka ukung'ute mkono, ina jambo lake. Waliokaa kwenye mashine miaka mingi hujikusanyia protini fulani inayobana mshipa wa fahamu pale kwenye kifundo cha mkono. Usiibebeshe fistula lawama yote; iseme kliniki. Kuna gango la kufunga usiku linalonyoosha kifundo cha mkono, na kuna upasuaji mdogo, ambao kabla ya kufanywa lazima daktari wa mishipa naye aujue.

Mazoezi anza baada ya maumivu ya mwanzo kutulia na daktari kusema hakuna maambukizi. Niliyopewa mimi ni haya. Gusanisha kidole gumba na kila kidole, taratibu, kwenda na kurudi. Vika lastiki nyembamba kwenye vidole vyote vitano kisha vifungue kama ua dhidi ya lastiki. Kamua sponji kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Laza mkono mezani kiganja kikining'inia pembeni, kiinue na kukishusha. Nyoosha kiwiko mpaka mwisho, kwa sababu mshipa mgumu hukufanya utembee umeukunja, na baada ya muda kiwiko kinazoea kukunjika. Bega nalo lisisahaulike. Kukamua mpira wa tenisi ni kuzuri kwa nguvu, ila nguvu bila wepesi wa vidole haisukumi kitambaa.

Kwenye kazi nimebadilisha mambo machache na yamenisaidia kuliko dawa. Pasi naishika kwa mkono wa kulia tu, na wa kushoto hautangulii mbele ya pasi. Nalaza kitambaa, nakifunga kwa pini pembeni, ndipo napiga. Ncha ya kidole cha shahada cha kushoto, kile kinachopita karibu na sindano ya cherehani, nakivika kikofia cha chuma cha kushonea, kwa sababu kidole chenye ganzi kinaweza kuchomwa na ukaja kuona damu kwenye kitambaa cha mteja kabla hujasikia maumivu. Mkasi mzito wa kukatia nimeuweka kwa kazi ya suti, mingine nakata kwa mkasi mwepesi na kupumzika kila baada ya nguo moja. Kwa anayepika, kanuni ni ileile: sufuria ishikwe na mkono unaosikia moto.

Ndoo ya lita 20? Muulize daktari. Fistula ikiwa imeziba kabisa na mkono umetulia, wengi huruhusiwa kurudi kubeba kadiri wanavyoweza. Kama damu bado inapita, au umetengenezewa nyingine mkono huohuo, masharti yanarudi palepale.

Nguo

Huu ni upande wangu, na sijaona mtu akiuandika.

Mikono yako miwili haina tena kipimo kimoja, kwa hiyo ipime kila mmoja. Pita na futi pale kifundo kinapojaza zaidi, kisha juu ya kiwiko, kisha kwenye kifundo cha mkono. Pima siku moja kabla ya mashine, maji yakiwa yamejaa mwilini, maana ukipima ukitoka kusafishwa nguo itakubana baada ya siku mbili. Ongeza inchi mbili juu ya kipimo kikubwa. Fundi wako atataka kukunja kitambaa na kukata mikono yote miwili kwa pamoja kama tulivyozoea; mwambie akate mmoja mmoja.

Mshono wa ndani ya mkono usipite juu ya vifundo. Usogezwe kwa nyuma, na ukingo wake ulazwe na kufunikwa, maana ukingo wa overloki ni mkali kwa ngozi nyembamba. Lastiki kwenye mkono wa nguo usikubali kabisa, na vifungo vya shati viwekwe nafasi mbili, ya siku ya kawaida na ya siku ya kuvimba. Kitenge kipya kina wanga, kifue mara mbili kabla ya kushonwa. Kwa baba anayevaa koti, bitana ya satini inateleza vizuri juu ya vifundo kuliko koti lisilo na bitana linalokwaruza. Dera na kanzu hazina neno, upana wake unatosha.

Kwa wenye mpira, gauni au blauzi iwe na zipu inayoanzia shingoni ikaenda kwenye bega upande wa mpira, inchi saba au nane. Siku ya mashine unafungua zipu hiyo tu na kifua kingine kinabaki kimesitirika. Wanawake wengi pale kituoni wanavua nusu ya nguo mbele ya watu kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa zipu moja inamaliza jambo hilo. Nimeshawashonea wenzangu kadhaa, na fundi yeyote anayejua kuweka zipu kwenye mto wa kochi anaweza kuishona.

Kama unataka kufunika vifundo bila mikono mirefu kwenye joto letu hili, soksi ya mkono ya pamba, iliyokatwa kwa upana bila lastiki, inatosha. Zile za kubana zinazouzwa kwa wachezaji ziache.

Mpira wa shingoni

Nitapita haraka, kwa sababu masista huwa wanaeleza vizuri. Usiulowanishe: oga kuanzia kifuani kwenda chini na juu ujifute kwa kitambaa. Bandeji ikilowa jasho au ikibanduka, piga simu ibadilishwe. Asiyekuwa mtu wa mashine asiufungue, asichotee damu wala kupitishia dripu humo. Homa au baridi inayokuja ukiwa kwenye mashine iseme papo hapo, usivumilie ili umalize masaa yako. Mkasi usikaribie mpira kamwe. Pini za mtandio zihamie bega la pili. Na mafundi wenzangu, ile tabia ya kuning'iniza futi shingoni iishe: ncha ya chuma inanasa kwenye mpira. Futi langu sasa linaning'inia kwenye msumari ukutani, kando ya cherehani.

Mishipa iliyobaki ni ya kulindwa

Hili ndilo ninaloliombea zaidi lisikike. Fistula ikizima, kila mtu huuona ule mkono kuwa huru. Sista wa zahanati anafunga raba na kutafuta mshipa wa dripu, maabara wanachoma kwenye kiwiko, presha inapimwa hapohapo. Na mgonjwa mwenyewe anautoa kwa sababu anataka kuulinda ule mwingine.

Ukweli ni kwamba fistula ya chini ya mkono, hata iliyozima, mara nyingi imeacha zawadi: imetanua mishipa ya juu ya kiwiko. Daktari wa mishipa anaweza kuitumia hiyo kutengeneza fistula mpya juu zaidi, kwenye mkono uleule. Kanyula moja, kile kimpira cha dripu, iliyowekwa vibaya hapo inaweza kuiachia kovu. Kwa hiyo mpaka daktari wa mishipa aseme wazi kwamba mkono huu hautatumika tena, uchukulie kama bado una kazi, na mwingine vilevile.

Damu ya vipimo ichotwe kwenye mashine siku ya kusafishwa. Unamwambia sista mwanzoni kabla hajakuunganisha. Ikishindikana, mgongo wa kiganja ndio wa kuchomwa, na dripu hivyohivyo. Presha omba daktari akuandikie ipimwe wapi. Andika karatasi ngumu, ipige plastiki, ikae kwenye kifuniko cha simu: "Nasafishwa damu. Msichome sindano kwenye mikono kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu. Chomeni mgongo wa kiganja. Pigieni kituo changu kwanza," na namba. Ukifika zahanati ya mtaani sema "fistula ya mkono ya kusafishia damu", kwa sababu wengine hapo hufikiria fistula ya uzazi. Usione haya kurudia. Sista mwenye haraka hakuchukii, hajaambiwa.

Macho ya watu, na moyo wako

Kwenye daladala watu hutazama. Wengine hudhani ni alama za kujidunga. Nina jibu moja fupi, "Ni mkono wa kusafishia figo," na kwa kawaida anayeuliza ananiambia habari za mama yake au mjomba wake aliyeugua figo. Watoto waache waguse kama ngozi ni nzima. Wataacha kuogopa haraka kuliko watu wazima.

Kuna huzuni pia, na haina haja ya kufichwa. Tumeishi na mtetemo ule usiku na mchana, tumelala nao sikioni, tukaamini kwamba unapovuma tuko salama. Ukikoma, unapata hofu isiyo na jina, na kituoni wanakupa tarehe ya kuwekewa mpira kana kwamba hakuna kilichotokea. Zungumza na mwenzako aliyepitia. Mimi nilikaa na mama mmoja mtu mzima wa kitanda cha pili, fistula zake mbili zimezima na sasa anaendelea na ya tatu, akanishika mkono uleule wenye vifundo na kuniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani nimemaliza mikono." Usingizi ukipotea au chakula kikakosa ladha kwa wiki kadhaa, mwambie daktari. Hilo nalo linatibika.

Kwa baadhi ya watu kuna nafuu. Fistula iliyokuwa inapitisha damu nyingi kupita kiasi huuchosha moyo, na ikifungwa pumzi inaweza kuwa nyepesi zaidi. Uliza kama wewe ni mmoja wao.

Kujiandaa kwa njia inayofuata

Usingoje kituo kikukumbushe. Omba rufaa kwa daktari wa mishipa mapema, kwa sababu fistula mpya inahitaji wiki kadhaa hadi miezi kukomaa na siku zote hizo mpira uko shingoni ukikaribisha vijidudu. Uliza sababu ya ile ya kwanza kuziba: ilibana wapi? Presha ilikuwa inashuka ukiwa kwenye mashine? Maji yalikuwa yanatolewa mengi kwa mara moja? Jibu lake ndilo litakalolinda ya pili. Uliza pia kuhusu bomba bandia, kusafisha damu kwa njia ya tumbo, na kupandikizwa figo kama una ndugu aliye tayari.

Siku ya kupimwa mishipa kwa altrasaundi vaa mikono mipana inayopanda mpaka kwapani. Nenda mkono ukiwa na joto, kwa kuwa mishipa hujikunyata kwa baridi na chumba cha kipimo huwa na kiyoyozi. Mimi hubeba kanga nikajifunika mabega mpaka niitwe. Waambie wapime mikono yote miwili, wa zamani pia. Ukimaliza omba nakala ya majibu, iweke kwenye faili lako mwenyewe pamoja na tarehe fistula ya kwanza ilipotengenezwa, tarehe ilipozima, na upande wa kila mpira uliowahi kuwekewa.